Mizimu, Faini na Sisi

Ndugu msomaji, nina swali linalonisumbua: mtu mmoja halindi msitu ila kwa kuogopa mizimu, mwingine haulindi ila kwa kuogopa faini. Nani mwenye hekima zaidi?

Huku kwetu Lulindi, na ukipanda mpaka Newala, mikorosho imetanda kila upande. Vichaka vilivyosalia, aghalabu ni vya makaburi au vya jando. Sisi tuliopita sekondari tunacheka: eti mzimu utakukamata! Haya, tucheke. Lakini tukishamaliza tujiulize, mbona penye bango la "marufuku" watu wanakata usiku, na pasipo na bango miti imesimama?

Kwa maoni yangu, mwiko haukuwa hofu tupu. Ndani yake mlikuwa na elimu. Mzee anayejua mti upi ni dawa ya tumbo, upi hauliwi na mchwa, na nyuki wanafuata maua yapi, hasemi "usikate" kwa kubahatisha. Mzimu ulikuwa askari wa elimu hiyo, tena askari asiyekula rushwa!

Ila tusidanganyane. Mwiko nao ulikuwa na mabwana zake. Mama aliyebeba kuni kila siku, au kijana asiye na kauli katika ukoo, nani aliwauliza? Tunaambiwa mwacha asili ni mtumwa. Sawa, lakini hata ndani ya asili walikuwamo walionyamazishwa.

Siku hizi neno ni "ushirikishwaji". Mgeni anakuja na daftari, wazee wanataja majina ya miti, wanapigwa picha, wanakunywa soda, daftari linaondoka. Jamani, huko ndiko kushirikishwa? Kumwuliza mtu anachokijua, kisha ukaamua peke yako, ni kumwibia kwa adabu.

Kushirikishwa ni kuwa na uwezo wa kusema hapana. Kule Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba hifadhi yake. Wanavijiji hawakukubali, na mwisho wakakabidhiwa kuulinda wenyewe kwa sheria ndogo zao. Sheria ya Misitu ya 2002 ikavipa vijiji nafasi ya kutenga misitu yao. Kilwa, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu. Mti wenyewe ni mpingo, huu huu wa vinyago vya Kimakonde, ambao Ulaya wanatengenezea klarineti. Pale elimu ya kijiji ilikwenda pamoja na mamlaka ya kijiji.

Kwa hiyo simwambii mtu arudi kuogopa mizimu. Mimi mwenyewe siiogopi. Nasema hivi: sisi tuliomfukuza yule askari wa zamani tunadaiwa lindo lake. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kuzungumzia msitu, tusibaki kijiweni tukicheka wazee. Twende, tukae nao, tuulize, tubishe, na majina ya miti tuyaandike katika daftari letu.