Chaguo la 44

Fainali ya ligi ya Australia ikishachezwa, mwishoni mwa mwezi wa tisa, kule unaanza msimu mwingine usio na mpira. Ni msimu wa maneno. Mwezi wa kumi klabu 18 zinabadilishana wachezaji, na kabla hazijakubaliana lolote, watu wa redio wameshawabadilisha kwa niaba yao: huyu anataka kurudi kwao Perth, yule haelewani na kocha, klabu fulani iko tayari kutoa chaguo mbili za raundi ya kwanza ili impate mfungaji. Anayefuata Simba na Yanga anaijua hali hii, ni tetesi za usajili. Tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa. Kule klabu hainunui mchezaji wa klabu nyingine kwa hela. Ukimtaka mtu wa mwenzako, unampa mtu mwingine, ama unampa namba.

Namba hiyo ndiyo imenikalisha chini niandike.

Mchezo wenyewe nitaueleza haraka kwa asiyeujua. Mpira una umbo la yai, uwanja pia una umbo la yai, kila upande watu 18, na kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne bila wavu. Ukiupiga ukapita kati ya ile miwili ya katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni unapata 1. Watu wetu waliohamia Melbourne na Adelaide wanatutumia vipande vya video kwa simu, na mara ya kwanza unaona kama watu wanafukuzana na kuku. Baadaye unazoea.

Tangu 1986 wanafanya kitu wanachokiita drafti. Si ile drafti yetu ya vifuniko vya soda chini ya mti, ingawa hata kule kuna mkono unaosogeza na kete inayosogezwa. Kila mwaka vijana wanaofikisha miaka 18 wanajiandikisha, na klabu zinawachagua kwa zamu. Iliyoshika mkia inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Kijana mwenyewe hachagui (mtoto wa mchezaji wa zamani anaweza kwenda klabu ya baba yake, lakini hao ni wachache). Akizaliwa Perth na akaitwa na klabu ya Melbourne, anafunga begi anaenda, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka kwa mama yake. Na ile zamu aliyoitwa inamganda kama jina la ukoo. Miaka kumi baadaye mtangazaji bado anasema: huyu alikuwa chaguo la 3.

Zamu zenyewe ni mali. Klabu inaweza kumtoa mchezaji ikapewa zamu, na tangu 2015 inaruhusiwa kutoa hata zamu ya mwaka ujao. Mwaka huo huo ligi ilitengeneza jedwali la kupima kila zamu kwa pointi: chaguo la kwanza likapewa pointi 3000, na ukishuka hadi la 44 hazifiki hata 400.

Sasa, mwaka 2013 chaguo la 44 lilikuwa la Sydney Swans, na jina lililosomwa lilikuwa Aliir Aliir. Wenyeji wa hapa wanalijua jina hilo. Alizaliwa Kakuma hii hii mwaka 1994, kwa wazazi waliokimbia vita ya Sudan, akapelekwa Australia akiwa mtoto. Alisubiri hadi 2016 kucheza mechi yake ya kwanza kwenye ligi kuu. Mwaka 2020 Port Adelaide walimchukua, na wao wakawapa Sydney chaguo la raundi ya pili la mwaka uliofuata. Soma tena hapo. Mtu mzima wa miaka 26 amebadilishwa na kijana ambaye hakuna aliyemjua bado, ambaye siku hiyo pengine alikuwa darasani anahangaika na hesabu. Na mwaka uliofuata Aliir akawekwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima.

Je, ni haki mtu kuwa sawa na namba?

Mimi natoka upande wa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Bibi zetu walisimuliwa na bibi zao kuhusu misafara ya watumwa iliyovuka ziwa kwenda Ujiji, kwa hiyo kwetu neno la kumbadilisha mtu na kitu halisemwi kwa mchezo. Niliposikia kwa mara ya kwanza mtangazaji akisema "wamemtoa, wamepata chaguo la 27", damu ilinichemka. Lakini hasira peke yake si hoja. Yule mchezaji analipwa vizuri, ana mkataba, na jioni anarudi kwake. Lazima nitafute kosa liko wapi hasa, kama lipo.

Anayetetea drafti ana maneno mazito pia. Tazama mpira wa Ulaya: mwenye hela anachukua kila mtoto mwenye kipaji, na wengine wanabaki kuokota. Kule Australia waliweka drafti, wakaweka na kikomo cha mishahara, ili klabu dhaifu isife. Uhuru wa kijana mmoja umepunguzwa ili ligi ibaki ya wote. Sisi tunaopanga foleni ya maji tunaelewa, maana bila zamu wenye nguvu wangejaza madumu yao na wazee wangerudi watupu. Ila dumu halina mama Perth. Ukimpanga mtu kwenye foleni una deni kwake ambalo huna kwa dumu, na swali langu ni deni gani.

Kwanza tuseme namba inapima nini. James Hird alichukuliwa na Essendon kwenye drafti ya 1990 akiwa chaguo la 79. Mwaka 1996 alikuwa mmoja wa wawili waliogawana medali ya mchezaji bora. Dane Swan alikuwa wa 58 mwaka 2001, na mwaka 2011 medali hiyo ikawa yake. Waliowaruka hawakuwa wajinga. Walikuwa wanakisia, na namba ni kumbukumbu ya makisio yao, ya macho yao yalikuwa wapi siku ile. Nalisema kwa sababu hapa kambini kuna watu wazima, watu wa heshima, ambao kesi ya jirani ikiitwa na yao isiitwe wanajiuliza wamepungukiwa nini.

Lakini kuna jambo gumu zaidi ya hilo. Kama wa mwisho ndiye anayepewa kwanza, basi kushindwa kuna faida. Mwaka 2009 Melbourne ilishika mkia. Kwa sheria ya wakati ule, klabu iliyofanya vibaya kupita kiasi miaka miwili mfululizo iliongezewa chaguo, kwa hiyo Melbourne ikapata la kwanza na la pili. Maneno yakaanza kwamba mechi zingine walishindwa kwa makusudi. Ligi ikachunguza, na Februari 2013 ikatoa uamuzi wa ajabu kidogo: haikusema klabu ilishindwa kwa makusudi, lakini ikaipiga faini ya dola 500,000 za Australia na kuwasimamisha viongozi wawili kwa mwenendo wao. Wakili atufafanulie hapo. Tom Scully, aliyekuwa chaguo lile la kwanza, alicheza misimu miwili akahamia klabu mpya ya GWS, na Melbourne ikakaa hadi 2021 ndipo ikachukua kombe. Ile zawadi ya chaguo la ziada ligi iliacha kuitoa moja kwa moja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa naweza kueleweka vibaya. Foleni yetu ya kwenda nchi ya tatu nayo inaanza na aliyeumia zaidi: aliyeteswa, mgonjwa asiyetibika hapa, mwanamke aliye hatarini, mtoto asiye na mtu. Ni sawa kabisa. Nafasi zinazopatikana kwa mwaka hazifiki asilimia 1 ya wakimbizi wa dunia, ungemtanguliza nani mwingine? Lakini angalia inavyofanya kwa mtu. Kuna baba nimemjua miaka mingi. Alifika na watoto wanne na sufuria moja. Akaanzisha kinyozi, akasomesha, akajifunza Kiturkana mpaka anatania nacho sokoni, akawa msuluhishi wa ugomvi wa mtaa mzima. Alipoitwa kwenye mahojiano hayo yote aliyaacha nje ya mlango. Ndani aliulizwa juu ya usiku mmoja tu wa kule nyumbani, akaueleza, akaulizwa tena, akaueleza tena. Hakudanganya neno hata moja. Lakini alirudi ameinama, na kwa wiki mbili kinyozi hakufunguliwa.

Klabu ya mpira inaweza kujifanya dhaifu na bado ikabaki klabu. Mtu akifundishwa kwamba kinachomfaa ni kidonda chake peke yake, anaanza kukilinda. Anaogopa kupona. Nimeona watu wanaficha biashara zao kama vile wanaficha wizi. Hilo silioni kama kosa lao. Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, najua wengi wenu hamkuitunga ile fomu, na najua zingine zinawaliza hata nyinyi. Lakini mtu anayeandika majibu anaweza kuuliza swali moja zaidi hata kama halina sanduku lake kwenye karatasi: na hapa umejenga nini?

Deni la pili ni ahadi. Klabu ikimpa mwenzake chaguo la mwaka ujao, ile ni hewa tupu. Kijana hajulikani, hata namba kamili haijulikani, maana inategemea aliyeahidi atamaliza wa ngapi. Thamani inaweza kupanda ama kushuka, lakini aliyeahidi hawezi kuamka asubuhi akasema nimebadilisha moyo. Mwezi wa kumi na moja ukifika mwenye zamu anaitwa. Huku kwetu, Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kulikuwa na watu waliokwisha kupimwa afya, kufundishwa na kuambiwa tarehe. Wengine walishauza mabati na vitanda. Sitaki kuingia siasa za nchi ya watu, kila nchi ina mlango wake. Nasema tu kwamba hewa ya klabu za mpira imewekewa sheria ngumu kuliko tarehe aliyoambiwa mama mwenye watoto.

La tatu ndilo nililolitafuta tangu mwanzo. Sheria ya kule ni kwamba mchezaji mwenye mkataba habadilishwi bila yeye kukubali. Kuna viongozi wa klabu ambao hawaipendi, wanaona inawafunga mikono, na kila mwezi wa kumi mjadala unarudi. Kwangu mimi hapo ndipo barabara ya Ujiji na barabara ya Adelaide zinapoachana. Mtu ni yule yule: Aliir mtoto hakuulizwa azaliwe wapi. Aliir wa miaka 19 hakuulizwa aende klabu gani. Aliir wa miaka 26 aliulizwa, na neno lake likawa na uzito mezani pamoja na namba zote. Hata zile tetesi zinabadilika hapo. Kumsema mtu asiyekuwepo ni umbea, lakini akiwa na uwezo wa kusema ndiyo ama hapana, wewe wa redio unabaki unapiga kelele tu, na yeye ndiye anayejua mwisho. Kwetu tetesi inakula mtu kwa sababu hana pa kuijibia. "Majina yametoka," mtu anasema pale bombani, na jioni kuna mtoto ameacha kwenda shule kwa kuwa ati mwezi ujao tunaruka.

Mtaniambia mkimbizi naye anaweza kukataa. Ndiyo, kwenye karatasi. Lakini kila mtu hapa anajua hofu ya hapana hiyo: faili itarudi chini kabisa, utaonekana huna shida ya kweli, hutaitwa tena. Hapana ya namna hiyo ni ghali mno kwa watu wa hali yetu.

Hata hivyo namjua dada mmoja aliyeisema. Kesi yake ilifika mwisho, nchi ikapatikana, lakini mama yake alikuwa kwenye kadi nyingine na jina lake halikuwemo. Aliambiwa atangulie, mama atafuata. Akauliza atafuata lini, akajibiwa haijulikani. Akasema basi siendi. Mtaa mzima ulimwona mwendawazimu; hata mimi nilienda kumsihi, kama kaka yake. Aliniambia alikaa pale kwenye kiti mpaka alipohakikisha yule afisa ameandika neno lake kama alivyolisema, siyo "hakufika". Akamwomba amsomee. Akasomewa.

Huo ni mwaka wa tatu sasa. Anauza mandazi karibu na bomba, mama yake anamkandia unga, na ukienda baada ya saa mbili asubuhi unakuta yamekwisha.