Mchuuzi wa Muthurwa Hasemi kwa Mizani

Robota la mitumba linapokatwa kamba katika soko la Muthurwa, Nairobi, mchuuzi hupaza sauti: "Kamera! Kamera!" Maana yake nguo bora ndizo kwanza zinafunguliwa, na atakayechelewa ataokota mabaki. Jioni bei zikiteremka, shilingi ishirini huitwa mbao, hamsini finje, mia soo. Sasa mwandishi wa riwaya amtie mchuuzi huyu kitabuni. Amfanye aseme, "Karibuni wateja, mavazi haya ni ya daraja la kwanza"? Sentensi hiyo ni sanifu na haina kosa hata moja. Ni ya uongo tu.

Hata hivyo, walimu wanaokata lugha hiyo ya Sheng kwa wino mwekundu wana hoja. Insha ya KCSE inaweza kuangukia msahihishaji wa Lamu au Busia ambaye finje haimwambii kitu, na Sheng yenyewe hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Sarufi ndiyo inayomfikisha mwandishi kwa msomaji asiyemjua. Kinachochosha ni utii wa namna nyingine: insha inayoanza kwa jua kuchomoza na ndege kutumbuiza, ilhali kisa chenyewe ni ajali ya matatu usiku.

Washairi waliugombania zamani mpaka huu kati ya kanuni na sauti. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, akaeleza vina na mizani. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata sheria hizo, na wanamapokeo wakasema hayo si mashairi kamwe. Leo shule za Kenya hufundisha shairi huru pamoja na lile la arudhi. Lakini hata wanaarudhi wenyewe hawakuwa malaika. Inkisari hulifupisha neno, mazida hulirefusha, na kuboronga sarufi hupindua mpangilio wa sentensi, mradi mizani itimie. Darasani hilo huitwa uhuru wa mshairi, na mtahiniwa anayelitambua hupata alama!

Mshairi Abdilatif Abdalla alitii kanuni na kuzivunja kwa wakati mmoja. Alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi chake Kenya Twendapi? na kati ya 1969 na 1972 akatunga gerezani, kwa siri, juu ya karatasi za chooni. Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Vina vimetimia, mizani imetimia, lakini lugha ni Kimvita, si Kiswahili kilichosanifishwa kwa msingi wa Kiunguja tangu miaka ya 1930. Mtoto wa Mombasa aliyefungiwa ndani angeombolezaje kwa lahaja ya Unguja?

Ken Walibora, ambaye gari lilimgonga Aprili 10, 2020, kwenye Barabara ya Landhies, hapo hapo kando ya Muthurwa, alishika njia nyingine. Siku Njema, riwaya yake ya 1996, imeandikwa kwa Kiswahili sanifu kilichokolea misemo. Inafaa hivyo, kwa kuwa anayesimulia ni Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu. Wanafunzi wengi waliikariri misemo hiyo na kuimwaga katika insha zao, hata pale msimulizi ni kijana wa Makongeni. Kwa Walibora ilikuwa sauti ya mhusika. Kwao ikawa pambo. Nao waliotunga vibonzo vya Shujaaz kuanzia 2010 walitaka kusomwa na vijana wa mitaani, wakaandika kwa Sheng bila kumwomba mtu radhi. Walifanya sawa.

Basi mhariri anayeletewa hadithi ya Eastlands asikimbilie kamusi. Aulize kwanza nani anasema, na anamwambia nani. Makanga na wachuuzi waachiwe maneno yao, tena bila maelezo ya chini yanayowageuza wageni katika kitabu chao wenyewe. Ila mwandishi aliyeandika "kitabu yangu" katika masimulizi kwa kutojua ngeli, kisha akadai huo ni mtindo, arudishiwe mswada wake.