Kisu Kisichokata

Neno: Mathayo 25:14-30, Mathayo 5:23-24

Jumapili iliyopita nilitoa kisu mfukoni nikiwa madhabahuni, na mzee mmoja wa kanisa akakaribia kusimama. Nimeombwa niyaandike mahubiri yale kwa ajili ya waliokuwa na watoto kule darasani na waliosafiri, na pia ili habari isizunguke mtaani kwamba pasta siku hizi anahubiri na silaha. Haikuwa silaha. Kilikuwa kisu cha kukunja, cha mpini wa mbao, na baada ya ibada nilikitumia kumenyea mtoto wangu chungwa.

Lakini hadithi haianzi na hicho. Inaanza na kisu cha Guka.

Guka alikuwa mkulima kule Murang'a. Sikumbuki hata siku moja nikimwona bila kile kisu. Asubuhi kilikuwa mfuko wa kulia wa koti, jioni kilikuwa mezani kando ya kikombe. Mpini wake ulikuwa wa pembe, umelainika kwa kushikwa mpaka unang'aa. Chini ya bapa kulikuwa na maandishi yaliyofutika nusu, ukiinamisha kwenye jua unasoma SHEFFIELD. Kwa kisu hicho Guka alipandikiza michungwa juu ya milimau. Alipasua ganda la mlimau kwa umbo la herufi T, akachomeka jicho la mchungwa ndani, akafunga kwa ukanda wa nailoni. Sisi watoto tulikatazwa hata kupumua karibu. Nusu ya machungwa tuliyokula utotoni yalipitia kwenye lile bapa.

Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, nina jina lake, kwa hivyo alipolala katika Bwana nilipewa kisu. Ndugu yangu mdogo, aliyebaki nyumbani akilima na kumwuguza, alipewa koti. Hakuna aliyeuliza. Ndivyo inavyokuwa, si ndiyo?

Sasa mjue nilisomea biashara. Nikipewa kitu, kwanza nauliza kina thamani gani. Nikaanza kusoma. Nikajua kwamba Sheffield, kule Uingereza, ni mji wa visu kwa mamia ya miaka, na mafundi wao waliundiwa chama kwa sheria ya bunge mwaka 1624. Fundi alikuwa akikodi nafasi ya benchi moja, anatengeneza visu kwa mkono. Wale wa kunoa kwa mawe walikufa mapema kwa sababu ya vumbi lililojaa mapafuni. Mmoja wa mafundi wa mwisho wa kazi ile, Stan Shaw, alifariki 2021 akiwa amepita miaka 90, na alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana. Nikapenda. Wacha niseme ukweli, nilipenda sana.

Kisu kimoja kikawa viwili. Nikanunua Opinel ya Ufaransa, ile ambayo Joseph Opinel alianza kutengeneza 1890 kwa wakulima wa milima ya Savoie, yenye ule mkufu wa chuma shingoni unaozungushwa ili kisu kisijifunge, ulioongezwa 1955. Nikanunua Laguiole. Nikanunua Higonokami ya Japani, ambayo mpini wake ni kipande cha chuma kilichokunjwa tu, na ambayo watoto wa shule huko walikuwa wakichongea penseli. Nikanunua mbili za Case za Marekani. Kwa miaka mitatu nikafikisha visu kumi na kimoja ndani ya sanduku lenye kitambaa cha kijani. Kila kimoja kimepakwa mafuta kisishike kutu, kimefungwa kwa karatasi. Mke wangu aliona vifurushi vikija. Nilimwambia ni vitabu. (Tumeshazungumza hayo. Mambo yako sawa, lakini ilichukua zaidi ya jioni moja.)

Kuna jambo moja la wakusanyaji ambalo lazima mlielewe, kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye Mathayo 25. Kwa mkusanyaji, kisu bora ni kile ambacho hakijawahi kukata kitu. Kikiwa na kasha lake la kwanza, bei inapanda. Kikinolewa mara moja tu, bei inashuka, kwa sababu kila ukinoa, jiwe linakula chuma na chuma hakirudi. Kwa hivyo unanunua kisu ili usikate nacho. Nilikaa na sanduku langu usiku, nafungua, natazama, nafunga.

Hebu sasa mrudi kwa yule mtumishi wa tatu. Sisi wahubiri tumemsema vibaya miaka yote kama mvivu, na bwana wake mwenyewe alimwita hivyo. Lakini angalia alichofanya. Hakuiba. Hakulewea pesa ya watu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku, kwa hivyo alishikiliwa mshahara wa karibu miaka ishirini. Akachimba, akaificha, akaitunza, na siku ya hesabu akairudisha nzima. Haina hata mkwaruzo. Wapendwa, yule mtu alikuwa mkusanyaji. Angekuwa na kitambaa cha kijani angeifunga nacho.

Na mimi nilikuwa nikihubiri andiko hilo kwa vijana kila mwaka, nikiwaambia watumie vipawa vyao. Nikirudi nyumbani nafungua sanduku.

Ndugu yangu alinipigia simu mwaka juzi. Alikuwa ameanza kitalu cha miche ya maparachichi, anapandikiza Hass juu ya miche ya kienyeji. Aliomba vitu viwili: shilingi elfu ishirini za neti ya kivuli, na kisu cha Guka. Alisema anatumia wembe, na wembe unapinda, mkato hauwi mnyoofu, hewa inaingia katikati na kitawi kinakauka. Nilimwambia hali ya pesa ni ngumu, tuombe. Wiki hiyo hiyo nililipia kisu cha sita. Na kuhusu kile cha Guka nilimwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri, "Kile ni kitu cha kale, hakiwezi kufanya kazi ya shamba."

Akasema, "Sawa, Pasi." Alikuwa hajawahi kuniita Pasi. Alikuwa ananiita kwa jina.

Krismasi tulikutana kwa mama. Nikaona kidole gumba chake cha kushoto hakikunjiki. Nikamwuliza. Akasema ni wembe, uliteleza ukakata mshipa. Akaendelea kula. Mama akanitazama kidogo tu, kisha akamwongezea mboga. Mnajua mama akikutazama vile, huhitaji mahubiri.

Ungefikiri nilirudi nyumbani nikafungua sanduku nikalia. Hapana. Nilirudi nikapiga picha za kisu cha Guka, nikamtumia mkusanyaji mmoja aniambie bei. Nilitaka kujua kwamba angalau nilikuwa nikilinda kitu cha maana. Akanijibu kwa upole: kisu hiki hakina bei. Kimenolewa sana mpaka bapa limebaki nusu ya upana wake.

Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikiwa nasoma, nikajiuliza ile nusu nyingine ilienda wapi. Iko Murang'a. Iko kwenye michungwa. Guka alikula kile chuma kidogo kidogo kwa miaka, na kila kilipopungua mti mmoja ulikuwa umepata maisha. Mhubiri 10:10 inasema juu ya chuma butu ambacho mwenyewe hakukinoa, basi inambidi atumie nguvu zaidi. Ndugu yangu alikuwa anatumia nguvu zaidi, na damu, kwa sababu makali yalikuwa kwangu yamefungwa kwa karatasi.

Juma lile nilikuwa zamu ya kuhubiri kabla ya sadaka. Nikafungua Mathayo 5, mistari ya 23 na 24, pale Yesu anapomwambia mtu aliyefika na sadaka yake kwamba akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo hapo, aende kwanza. Angalia Yesu hasemi "ukikumbuka una neno juu ya ndugu yako." Anasema ndugu ndiye ana neno juu yako. Mimi sikuwa na neno juu ya ndugu yangu. Nilikuwa na amani kabisa. Nililala vizuri. Ni yeye aliyekuwa na kidole kisichokunjika.

Nilihubiri vibaya Jumapili ile, wengine mnakumbuka. Jumatatu nikapanda matatu.

Nilimkuta kitaluni. Sikuwa na hotuba. Nilimpa kisu na bahasha. Bahasha aliiweka mfukoni bila kufungua. Kisu alikifungua, akakipima kwa ukucha, akacheka: "Umekipaka mafuta hivi kwani unakikaanga?" Akakifuta kwa suruali, akaenda kwenye jiwe la kunolea, akamwaga maji. Nilisikia ile sauti na nilitaka kumwambia apole, chuma kinaisha. Nikanyamaza.

Kuna desturi kwa Waingereza na Wafaransa kwamba ukipewa kisu unamrudishia aliyekupa sarafu, eti kisu kisikate urafiki. Sisi hatutegemei hayo, tunaitegemea damu ya Yesu. Lakini nilipomsimulia, alinirushia shilingi moja. Mpaka sasa sijaitumia.

Hakusema amenisamehe. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu tunapenda shuhuda zinazoisha kwa kukumbatiana. Alinionyesha tu jinsi ya kushika mche kwa kidole kisichokunjika.

Vijana, neno moja kabla hamjatoka mbio kununua. Sijasema mbebe visu. Ukikutwa nacho mahali pabaya polisi hawatauliza kama kilitoka Sheffield, na mimi mwenyewe nikienda mjini nakiacha nyumbani maana askari wa mlangoni ana kazi ya kutosha. Tena kile cha Guka, kama visu vingi vya kukunja vya zamani, hakina kitu cha kukifunga kikiwa wazi. Kinashikiliwa na springi tu. Ukichoma nacho, kinajikunja juu ya vidole vyako mwenyewe. Waliokitengeneza walifikiria matunda na kamba, hawakufikiria ugomvi.

Katika lile sanduku vimebaki vinne. Vitano niliviuza, na pesa ndiyo iliyokuwa kwenye bahasha, pamoja na deni jingine ambalo mke wangu anajua. Opinel ndiyo ninayobeba. Bapa lake limeshakuwa la kijivu kwa maji ya matunda.

Alhamisi ndugu yangu alinitumia picha. Miche arobaini, thelathini na mmoja imetoa majani. Chini yake akaandika, akitumia jina langu: "Kimeanza kuwa chembamba zaidi. Usilie." Nilimjibu aendelee kukinoa.