Mfano na Kigezo

Kiswahili kina maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa: mfano na kigezo. Mfano huonyesha kitu kilivyo. Kigezo huamuru kitu kiweje. Tofauti hiyo huweza kudhaniwa kuwa ni ya wapenda kamusi tu, kumbe yaweza kuwa na uzito wa roho za watu.

Katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, mjini London, walifikishwa mapacha wawili wa kike kutoka Pakistani, walioungana utosini. Fuvu lao lilikuwa limeshikamana, na mishipa ya damu ya kila mmoja ilipenya kwa mwenziwe. Madaktari walikusanya picha za ndani ya vichwa, tabaka kwa tabaka, kisha mashine ya kuchapisha kwa pande tatu ikavijenga upya kwa plastiki. Wakaweza kuvishika, kuvigeuza, kuvifanyia mazoezi na kurudia walipokosea. Neema ambayo mwili wenye uhai hauitoi. Hata vielekezi vya kuongoza msumeno vilichapishwa. Upasuaji ulifanywa mara 3, kuanzia Oktoba 2018 hadi Februari 2019, kwa jumla ya saa zaidi ya 50.

Katika upasuaji wa pili, mapigo ya moyo ya pacha aliye dhaifu yaliporomoka. Palikuwa na mshipa mkubwa wa pamoja, apewe nani? Mpasuaji Owase Jeelani na wenziwe wakampa yule dhaifu, hali wakijua kwamba mwenye nguvu angeweza kudhurika. Naye, kabla siku haijapita, akapata kiharusi. Wote wawili walitenganishwa wakiwa hai.

Je, chombo kilishindwa? La hasha. Kilionyesha mshipa ulipo na unakoelekea, na hiyo ndiyo ahadi yake. Plastiki haina mapigo. Saa ile haikuchapishika. Tena ujuzi huu huongeza mzigo. Mpasuaji wa zamani, aliyefungua kichwa asijue atakuta nini, alikuwa na udhuru wa kutoona. Wa leo ameona na kushika kabla ya kukata.

Msumeno, basi, ulipata kigezo chake. Mchaguzi je? Kumtanguliza mnyonge ni kauli tamu kutamka, lakini yule mwenye nguvu naye hakuwa na kosa, wala hakuweza kuulizwa: alikuwa hajatimiza miaka 2. Jeelani alisema hadharani, mwaka 2019, kwamba huo ni uamuzi ambao yeye na wenziwe hawana budi kuishi nao.