Rubani, msimulizi na aliye chini: ukweli wa ndege za kivita katika hadithi

Hadithi ya kubuni inayorusha ndege ya kivita hukutana na swali lililoizidi umri ndege yenyewe: nani ana haki ya kusema kwamba hadithi imekosea? Plato aliligusa katika mazungumzo yaitwayo Ion. Humo Socrates anamuuliza mghani wa mashairi ya Homer: pale shairi linapoeleza mbio za magari ya farasi, ni nani ahukumu kama limesema sawa, mghani au mwendesha gari? Mghani hana budi kukubali kwamba ni mwendesha gari. Aristotle alikuwa mpole zaidi. Kwake, msanii asiyejua kwamba ayala jike hana pembe amefanya kosa dogo kuliko yule anayemchora ayala huyo vibaya. Kosa la ufundi liko pembeni. Kosa la sanaa ndilo la ndani.

Kwa ayala, jibu hilo linatosha. Kwa ndege ya kivita linapwaya, kwa sababu huko kosa la ufundi hupenya hadi kwenye tendo lenyewe na kugeuza hukumu juu ya mtendaji.

Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kila sekunde. Nyumba ya upana wa mita kumi, iliyo katikati ya kibanja cha migomba, huwa chini yake kwa sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Rubani akitaka kuirudia nyumba hiyo hageuki papo hapo kama filamu zinavyopenda. Huilaza ndege ubavu na kuvuta. Katika kona ya G tano, yaani kila kitu kikiwa na uzito mara tano ya kawaida, ndege ya kasi hiyo huchora duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni kilomita moja na zaidi, na kugeukia ilikotoka tu hula sekunde kumi na sita hivi. Kwa muda huo rubani wa kilo 70 hukikandamiza kiti kama mtu wa kilo 350. Mkono unagoma kuinuka, damu inateremka miguuni, rangi zinafifia, kisha upeo wa macho unajifunga kutoka pembeni kuja katikati. Naye hukaza mapaja na tumbo, huvuta pumzi kwa vipande, na suti yake hujaa hewa ili kumbana miguu. Hotuba ndefu redioni katikati ya kona kali ni dalili kwamba mwandishi hajawahi kumsikiliza rubani. Mafuta nayo ni msimulizi anayesahaulika: ule moto wa ziada nyuma ya injini, unaopendeza sana kwenye filamu, unaweza kukausha tangi kwa dakika chache, hivyo mapambano mengi hukatizwa na mshale wa mafuta kabla ya ushujaa wa yeyote.

Mambo haya yana uzito wa kimaadili. Katika Uislamu amali hupimwa kwa nia; Thomas Aquinas naye alitenganisha tokeo lililokusudiwa na lile lililo nje ya kusudio; na Aristotle, katika maandiko yake ya maadili, aliuliza kwanza mtendaji alijua nini. Hadithi inayompa rubani nafasi ya kuyaona macho ya mama aliye shambani, ilhali anapita mita 250 kwa sekunde, imemzulia ujuzi asioweza kuwa nao. Akifyatua baada ya kuona, amekuwa shetani. Akighairi, amekuwa walii. Vyote viwili ni rahisi mno. Rubani halisi hayuko katika mojawapo: haoni, lakini anajua. Alijua kabla ya kuwasha injini kwamba ramani inaonyesha mji, kwamba mji una watu, na kwamba hatawaona. Kutoona kwake hakumfuti hatiani. Kunasogeza tu mahali pa kuitafuta hatia, kutoka angani hadi kwenye chumba cha maelekezo, pengine hadi kwenye meza ya aliyetoa amri. Mwandishi anayezijua sekunde zake hulazimika kuipeleka hadithi huko.

Vita vya Kagera, kati ya Uganda na Tanzania, vinatoa ushahidi wa kutosha. Oktoba 1978 ndege za MiG za Uganda ziliushambulia mji wa Bukoba. Madhara ya mabomu yalikuwa madogo, bali vishindo vilivunja vioo na kuwatia watu kiwewe. Kutoka Entebbe hadi Bukoba ni takriban kilomita 170 kwa njia ya anga, mwendo wa dakika kumi na mbili hivi. Daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, lilishambuliwa kwa ndege likabaki limesimama. Lilikuja kuangushwa Novemba 3 kwa baruti iliyotegwa na mtaalamu aliyetolewa kwenye migodi ya Kilembe. Karibu na Musoma, wapiga mizinga wa Tanzania walizitungua ndege za upande wao wenyewe. Machi 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Uganda, aina ya Tu-22, yenye uwezo wa kuipita kasi ya sauti, ilitumwa kupiga Mwanza. Silaha zake zikaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Mhariri wa riwaya angeyakataa haya yote kwa kuwa hayaaminiki. Hata hivyo ndiyo sura ya kawaida ya vita vya anga: kukosa shabaha, kukosea rafiki, kufika mahali pasipo penyewe.

Umebaki upande ambao Plato hakuuuliza. Mwendesha gari la farasi aliwahukumu washairi kwa sababu alikuwa garini. Lakini nusu ya tukio la ndege ya kivita iko chini, na huko rubani si mjuzi. Chukua hadithi iliyowekwa Kaisho, kwenye vilima vya Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Mapigano ya 1978 yalipitia Mutukula na Kyaka, mashariki ya hapo, lakini mto ni uleule wa Kagera, na pale Murongo ndio mpaka wenyewe. Mkulima anayechuma kahawa chini ya migomba angeujua mlio kabla ya umbo. Ndege ikiwa umbali wa kilomita tatu, sauti yake huchukua sekunde tisa kumfikia, na kwa muda huo ndege imekwenda kilomita mbili na ushei. Anayeinua macho kuufuata mlio huangalia mbingu tupu. Mwandishi anayemfanya mkulima aione ndege ikija, aitambue bendera yake, kisha amkimbilie mtoto na kuwahi, amekosea sawasawa na yule wa macho ya mama shambani. Juu ya kosa hili mzee wa Kaisho ni hakimu bora kuliko rubani yeyote.

Kuna pingamizi la haki: si kila utungo unaodaiwa usahihi wa namna hii. Utendi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani mwaka 1728, umejaa mapigano makubwa dhidi ya Warumi, ilhali katika historia safari ya Mtume Muhammad kwenda Tabuk mwaka 630 iliisha bila vita. Msikilizaji hana sababu ya kumwita Mwengo mwongo, kwa kuwa utendi una ruhusa yake ya kukuza mambo na msikilizaji anaijua. Kesi ya mwandishi Roald Dahl ni tofauti. Alikuwa mfanyakazi wa Shell Dar es Salaam, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza huko Nairobi mwaka 1939, na Septemba 1940 akaanguka na ndege yake aina ya Gladiator katika jangwa la Misri, akitafuta kiwanja ambacho hakukikuta mahali alipoelekezwa. Mwaka 1942 jarida moja la Marekani lilichapa masimulizi yake yenye kichwa kinachosema alitunguliwa Libya. Maelezo ya chumba cha rubani yalikuwa ya mtu aliyekalia kiti hicho. Kilichopotoshwa ni sababu, na sababu ndiyo iliyobeba maana. Kosa la mwelekezaji liligeuka risasi ya adui. Uhalisia wa vitufe na mishale unaweza kuwa kificho kizuri cha uongo wa aina hiyo, kwa kuwa msomaji aliyeridhishwa na vidogo haulizi tena vikubwa.

Kwa sababu hizo, riwaya ya ndege ya kivita inayotaka kuwa kweli kwa pande zote mbili haiwezi kutegemea jicho moja. Sentensi moja haiwezi kumshika rubani na mkulima pamoja, maana hawaonani, na sekunde zao hazilingani: za mmoja zinaisha kabla ya mlio kufika, za mwingine zinaanza hapo. Msimulizi ajuaye yote anaweza kuwaunganisha, ila awaambie wasomaji kwamba muungano huo ni wake yeye. La sivyo sura za rubani ziwe fupi, zenye namba na pumzi za vipande, na zile za kijijini ziwe ndefu, zikianzia kwenye vioo vilivyovunjika.