Je, Chumba Changu ni Changu Peke Yangu?

Katika darasa yetu ya baada ya Maghribi, kijana mmoja aliyepanga chumba huko Majengo, Pumwani, alileta suala lililowachekesha baadhi ya waliohudhuria. Alisema: "Mimi naishi peke yangu, kodi nalipa, Sala sikosi. Nikiacha kitanda bila kukitandika na sufuria bila kuiosha mpaka Jumapili, namdhulumu nani?" Mzee mmoja akamjibu kuwa usafi ni katika dini, na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu hilo ni kweli, lakini halikulijibu suala. Kijana hakuuliza kama usafi ni mwema. Aliuliza ni nani anayedhulumiwa. Twaona yafaa ajibiwe lile aliloliuliza.

Kwanza na tuitazame nyumba yenyewe. Pumwani ni mtaa uliopangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wenyeji wakajijengea nyumba kwa sura ya nyumba za pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye choo na mahali pa kupikia na kufulia. Chumba kina mwenyewe, lakini ukumbi na uani ni vya wote. Basi katika nyumba kama hiyo, sufuria isiyooshwa tangu Jumatatu haiwi khabari ya chumba kimoja. Huita mende, na mende hajui kodi ya huyu yaishia wapi na ya yule yaanzia wapi. Ifikapo Jumapili, vyombo vya siku sita huoshwa kwa mkupuo mmoja, makombo na mafuta yakamwagwa uani, na mfereji ukaziba. Nani atauzibua? Ni yule aliyeshindwa kuvumilia harufu.

Hapa ndipo penye jibu. Uchafu hauondoki kwa kuachwa, bali huhama. Asubuhi ulikuwa wangu, jioni umekwisha kuwa kazi ya mtu mwingine, wala hatukumwuliza kama ana nafasi, wala hatumlipi.

Na wala asidhani mtu kwamba lawama hii ni ya makapera tu. Wengi wetu tulio na wake na watoto twasifiwa kwa nyumba safi ambazo hatujapata kuzishikia ufagio. Mume huingia akavua shati na kulitupa kitini. Kikombe cha chai akakiacha chini ya meza. Viatu vikalala mlangoni kama mtego. Kila kimoja ni jambo dogo, na yeye hulisahau papo hapo. Lakini mkewe, au msichana wa kazi, huinama mara arobaini kwa siku kuokota mambo madogo ya watu wengine. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa Sala alitoka kwenda kusali. Sisi twaikumbuka sana ile nusu ya pili.

Tuna desturi nzuri ya kusafisha nyumba kabla ya Idi: majamvi hutolewa juani, mapazia hufuliwa, kuta hupakwa chokaa. Hatuibezi. Lakini kazi hiyo hufanywa kwa ajili ya mgeni, na mgeni hukaa saa moja. Anayekaa humo mwaka mzima je? Tumefundishwa kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache. Kutandika kitanda baada ya Alfajiri, kuosha sufuria kabla wali haujaigandia, kurudisha ufunguo, kitabu na koti mahali pake, kushika ufagio wa ukumbi siku ya zamu yako: mambo haya yote yaweza kumalizika kabla chai haijachemka.

Kuna watakaosema kuwa maji hayaji kila siku katika mitaa yetu ya Eastlands, na gari la taka halifiki. Wasema kweli, na dhuluma hiyo ina wenyewe wa kuulizwa. Lakini mama aliyepanga foleni na mitungi yake ajua kuwa sufuria iliyoachwa ikakauka hutaka maji zaidi kuliko iliyooshwa ingali na joto. Uhaba wa maji si udhuru wa kungoja, bali ni sababu ya kuharakisha. Na hizo taka, gari linapofika, hupelekwa wapi? Hupelekwa Dandora, huku huku kwetu Eastlands, katika jaa lililofunguliwa katika miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, nazo taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wakaao karibu na jaa hilo: nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kadiri iliyokubaliwa. Mwenye kutupa mkate mzima, betri na matambara katika mfuko mmoja hujiona amesafisha nyumba. Kwa hakika amevipeleka mlangoni kwa mtoto asiyemjua.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwuliza ni nani afagiaye ukumbi wa nyumba yao, kwani hatukusikia kwamba wana zamu. Akasema ni mama mmoja wa chumba cha tatu, kila siku kabla ya jua kuchomoza, naye alipa kodi ile ile. Tukamwuliza jina lake. Hakulijua. Ameahidi kumwuliza, na kumwuliza pia ni siku gani katika juma angependa kupumzika.