Sarafu Chini ya Gurudumu

Reli haifiki Kyela. Mtoto wa Mbugani hukua kati ya mpunga na mikokoa, na akitaka kuliona gari moshi hana budi kuipanda milima ya Rungwe hadi Mbeya, inakopita njia ya TAZARA. Reli hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini mtoto aliyekwenda kwa jamaa zake wakati wa likizo hakurudi na habari za kilomita. Alirudi na ndururu iliyolazwa juu ya reli, ikapitiwa na magurudumu, kisha ikaokotwa ikiwa bapa kama jani, haina tena samaki upande mmoja wala sura ya Mwalimu upande wa pili.

Mchezo huu unajulikana kila penye reli, na wazazi huukataza kwa sababu ya hatari. Katika hilo hapana mjadala. Mjadala uko kwenye ile sarafu yenyewe. Je, mtu ana haki ya kuharibu kitu chenye thamani ili akione tu kikiharibika?

Kwanza yafaa kuuliza ni nini hasa kilichoharibika. Zamani Wakinga walishuka kutoka milimani na majembe yao ya chuma wakabadilishana chakula na Wanyakyusa, na Wakisi wa pwani ya ziwa walifanya vivyo hivyo kwa vyungu vyao. Jembe likivunjika, halilimi. Chungu kikipasuka, hakipiki. Hasara hiyo huonekana kwa macho. Ndururu iliyobapwa haikupungukiwa na shaba: uzito wake ni ule ule. Kilichoondoka ni alama, na pamoja na alama, makubaliano ya watu. Aristotle alikwisha kulisema jambo hili katika maandishi yake ya maadili: fedha ina nguvu kwa kanuni ya watu, si kwa maumbile, na watu wanaweza kuibatilisha.

Historia ya Tanzania inao ushahidi wake. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa vitani na kuishiwa na sarafu, karakana ya reli karibu na Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha. Maganda ya risasi na mabaki ya shaba yakapigwa mhuri, yakawa heller. Siku hizo reli ilitoa sarafu katika vyuma chakavu. Miaka mingi baadaye mtoto aliitumia reli kuirudisha sarafu kwenye uchakavu. Matendo hayo mawili yana siri moja, nayo ni mhuri.

Kutokana na hayo, mtu anaweza kudai kwamba mtoto hakuharibu chochote ila wazo. Dai hili ni jepesi mno. Ndururu ile haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mama aliyeinama shambani akipalilia mpunga, akauza debe moja, akampa mwanawe senti tano za chumvi. Mhuri ulikuwa ahadi kwamba jasho lake litalipwa. Aliyeifuta ahadi hiyo alikula sehemu ya siku ya mtu mwingine bila ya kumwuliza. Kwa hivyo hukumu haiwezi kuwa moja kwa kila sarafu. Aliyepewa yake kwa zawadi, akachagua kumbukumbu badala ya pipi, amenunua kama mnunuzi yeyote. Aliyetumwa dukani akapitia relini ametumia kisichokuwa chake, hata kama furaha yake ilikuwa ya kweli.

Kipimo hicho hakiwahusu watoto peke yao. Sarafu zilizotolewa mwaka 1966, zenye samaki, mbuni, sungura na mwenge, hazikumalizwa na gari moshi. Zilimalizwa na bei. Shilingi iliposhuka thamani mwaka 1986 na miaka iliyofuata, ndururu na sumni zilibaki na sura zao kamili, ila hazikununua kitu. Akiba iliyofungwa katika pindo la khanga ilibapwa bila ya kuguswa, na mwenyewe hakusikia hata mlio.

Sheria za nchi nyingi humwadhibu anayeharibu uso wa sarafu. Ni haki, kwa kuwa ahadi ya wote haichezewi na mmoja. Lakini heshima hiyo ina pande mbili kama sarafu yenyewe. Anayepiga mhuri naye anadaiwa swali lile lile analoulizwa mtoto aliyeshika kipande bapa mkononi: siku hii ya kazi uliyoifuta ilikuwa ya nani, na je, alikuruhusu?